Anza na Kitambaa, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Kisegi, umeniambia unataka kuunda roketi na kwamba umeshauriwa usubiri mpaka ufike chuo kikuu. Mimi dadako nakuomba usisubiri. Ila usianze na injini.

Injini ndiyo yenye moshi na mlio, kwa hiyo kila mtu huikimbilia. Baruti na fueli hazichanganywi nyumbani, hata kidogo. Zinalipuka, zinaunguza, na kuzishika kunahitaji kibali na msimamizi. Kazi ya kuirudisha roketi chini salama unaweza kuanza kujifunza leo, huko huko Gwassi. Wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT pale Juja wana mradi uitwao Nakuja, wa kuunda na kurusha roketi, na parachuti ni kazi inayojitegemea ndani yake. Nataka siku ukibisha mlango wa mradi kama huo uwe na daftari mkononi.

Tafuta kitambaa cha miavuli iliyovunjika, kwa kuwa ni chepesi na hewa haipenyi ovyo. Nenda kwa fundi cherehani sokoni, umwombe akufundishe kukunja pindo na kushona mara mbili pale kamba zinaposhikilia. Parachuti ikifunguka kwa kishindo, nguvu yote hukimbilia kwenye mishono hiyo. Toboa tundu dogo katikati, hewa ipate pa kutokea, la sivyo itayumba huku na huku ikishuka.

Ukubwa haukadiriwi kwa macho. Roketi ya kilo 1 yenye parachuti bapa ya duara, kipenyo mita 1.1, itashuka kwa takriban mita 5 kwa sekunde kwenye hewa ya kando ya Ziwa Victoria, mita 1,130 hivi juu ya bahari. Ukitaka kasi hiyo ishuke nusu, eneo la kitambaa lazima liwe mara nne. Usikubali kwa kuwa dada amesema, pima. Omba mtu mzima mwenye pikapu, barabara tupu, asubuhi isiyo na upepo. Funga parachuti kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, na uiinue kwa mlingoti mrefu ili isikae kwenye hewa iliyovurugwa na gari. Kwa kilomita 18 kwa saa, mizani isome karibu kilo 1. Kwa kilomita 36, karibu kilo 4. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, mvuto umekuwa mara nne! Hesabu hiyo ukiiona kwa macho yako hutaisahau kwenye mtihani wa fizikia.

Swali gumu zaidi ni lini ifunguke. Roketi ndogo nyingi hutumia kihisi cha shinikizo la hewa. Huko kwenu shinikizo hupungua kama hektopaskali 1 kila unapopanda mita 10 hivi. Likiacha kupungua na kuanza kuongezeka, roketi imefika kileleni. Lakini namba za kihisi huyumbayumba, na kompyuta ikiamini kila kipimo itafungua parachuti roketi ikiwa bado inapanda kwa kasi, na kitambaa kitachanika. Ifundishe kusubiri vipimo kadhaa vinavyokubaliana. Na andika JUU kwa kalamu nene kwenye kila kifaa, kisha mwenzako akague. Chombo cha NASA kiitwacho Genesis kilirudi na chembe za upepo wa jua tarehe 8 Septemba 2004, kikagonga jangwa la Utah kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, parachuti haijafunguka, kwa sababu vihisi vya kuiamuru vilikuwa vimewekwa kinyume. Wale walikuwa wahandisi waliobobea.

Halafu kuna ziwa, na roketi isije ikapeperushwa ikatua humo. Roketi ikifungua parachuti kubwa mita 1,000 juu, kwa mita 5 kwa sekunde itachukua sekunde 200 kutua. Upepo wa mita 5 kwa sekunde utaipeleka kilomita nzima. Ndiyo maana hutumiwa parachuti mbili: ndogo kileleni, kubwa ikibaki mita 200 hivi. Ndogo ikishusha kwa mita 20 kwa sekunde, umbali wa kupeperushwa unabaki mita 400. Waliorusha setilaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, walikuwa na Bahari ya Hindi ya kuangushia mabaki. Wewe umezungukwa na mashamba, watoto na ng'ombe. Wenzetu wa Mukuku, Makueni, waliangukiwa na pete ya chuma ya kilo 500 hivi kutoka angani tarehe 30 Desemba 2024, na hofu yao nataka uibebe kila unapochora.

Shuleni shika hisabati, fizikia na kemia. Ukikutana na mtu anayesema kushona ni kazi ndogo, mwonyeshe namba zako.

Ukishapima, niandikie: kipenyo, uzito, kasi ya gari, na saa uliyopima. Hasa saa, maana upepo wa ziwa wa alasiri si ule wa alfajiri, na namba zisizo na saa sitaweza kukusaidia kuzisoma.