Pumba kwa kuku, sembe kwako: somo la bakteria wa tumboni

Leo sitaongelea kideri wala bei ya mashudu. Leo tunamwangalia mfugaji mwenyewe, maana nimekutana na jambo ambalo nimeona nisilinyamazie.

Juzi kati nilimtembelea kijana mmoja mwenye kuku wa mayai 600. Ni kijana wa kazi kweli, ana daftari, ana mizani. Ukimuuliza kuku wake anakula nini anakujibu bila kufikiri: gramu 115 kwa kuku kwa siku, protini asilimia 17, chokaa kiasi gani, dagaa kiasi gani. Ilipofika saa nane mchana akaniambia, "Kaka, twende tukapate chochote." Tukaenda kibandani, akaagiza zege na soda. Nikamuuliza jana ulikula nini? Zege. Juzi? "Chipsi kavu na mishkaki." Tukiwa tunakula akanieleza kwa sauti ya chini kwamba choo anapata mara mbili kwa wiki, tena kigumu, na tumbo limejaa gesi muda wote. Kila likimsumbua anaenda duka la dawa kununua metronidazo. Kuna siku hakuwa na hela, akakoroga OTC ya kuku kidogo kwenye glasi akanywa.

Chakula kilinishinda hapo hapo.

Mimi si daktari wa binadamu, nina diploma ya mambo ya mifugo na kilimo. Ila habari ya bakteria wa tumboni sisi watu wa mifugo tunaisoma mapema kabisa chuoni, kwa sababu bila bakteria ng'ombe hawezi kuishi kwa nyasi. Kwa hiyo nitaieleza kwa njia mnayoijua.

NG'OMBE HALI NYASI PEKE YAKE

Ng'ombe hana uwezo wake mwenyewe wa kuyeyusha nyasi. Wanaofanya kazi hiyo ni bakteria na wadudu wengine wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi kwenye tumbo lake la kwanza. Wanachachusha nyasi, wanatoa asidi fulani, na asidi hizo ndizo zinazompa ng'ombe sehemu kubwa ya nguvu yake, karibu asilimia 70. Ndiyo maana tunasema unapomlisha ng'ombe unawalisha kwanza bakteria wake. Na wote mnajua kinachotokea ukimbadilishia chakula ghafla, ukampa ndoo nzima ya pumba na unga wa mahindi kwa mkupuo: tumbo linachachuka, anaharisha, anaacha kula, na akizidiwa anakufa. Chakula kilikuwa kizuri tu, ila wale wa ndani hawakukizoea.

Binadamu naye ana bakteria wake, tofauti ni kwamba sisi wamejaa mwishoni, kwenye utumbo mpana. Wanasayansi wamekadiria kuwa mtu mzima ana bakteria kama trilioni 38 mwilini, karibu sawa na idadi ya seli zake mwenyewe. Ukila wali, sukari, nyama au mafuta, sehemu kubwa inanyonywa juu huko kwenye utumbo mwembamba, bakteria wa chini hawapati kitu. Kinachowafikia ni kile ambacho wewe huwezi kukiyeyusha, yaani nyuzinyuzi: maganda ya maharage, pumba ya nafaka, mboga za majani, ngozi ya matunda, viazi na mihogo.

Wakipata hizo nyuzinyuzi wanazichachusha kama kwa ng'ombe, na wanatoa asidi zile zile. Moja inaitwa butireti. Hii ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Yaani ukuta wa utumbo wako unalishwa na bakteria, na bakteria wanalishwa na maharage. Ukikata maharage umekata mnyororo mzima. Kwenye panya wa maabara imeonekana kwamba bakteria wakikosa nyuzinyuzi wanaanza kula ule ute unaolinda ukuta wa utumbo, ukuta unabaki mwembamba na vimelea wanapata njia.

MBONA BABU ALIKULA VIZURI?

Msidhani hizi ni habari za Ulaya. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, mkoani Kilimanjaro. Walichukuliwa wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili, ndizi na maharage, ulezi, mboga za majani, wakahamishiwa kwa wiki mbili kwenye chakula cha kizungu: mkate mweupe, soseji, chipsi. Wa mjini waliozoea chipsi wakapelekwa upande wa pili. Wengine wakaendelea na chakula chao cha mjini ila wakapewa mbege kila siku kwa wiki moja.

Wale waliohamia kwenye soseji na mkate, protini za uchochezi kwenye damu zilipanda, yaani kinga ya mwili ikawa kama imewashwa moto wakati hakuna adui. Na adui alipoletwa, seli zao za kinga zilipopimwa maabara kwa vimelea, zilijibu kwa unyonge. Waliohamia chakula cha asili, uchochezi ulishuka. Hata wa mbege walipata nafuu. Na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Uchochezi wa muda mrefu ndio unaohusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na mengine tunayoyasikia misibani siku hizi. (Kuhusu mbege, msinisome vibaya. Ni pombe, na faida inayosemwa inatokana na uchachu wa ndizi na ulezi, haitokani na kulewa.)

Mwingine ulitoka mwaka 2015. Waafrika Kusini 20 wa kijijini na Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh walibadilishana chakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakapewa chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, wenzao wakapewa baga na chipsi. Wamarekani, butireti iliongezeka mara mbili na nusu, na dalili za hatari kwenye ukuta wa utumbo zikapungua. Kwa Waafrika butireti ilishuka mpaka nusu na dalili za hatari zikapanda. Hizo ni dalili zinazohusiana na saratani ya utumbo mpana, ugonjwa ambao ulikuwa mwingi sana kwa kundi la kwanza na adimu kwa la pili.

Wiki mbili tu, jamani. Kijana wangu wa kuku ana miaka miwili kwenye zege.

PUMBA TUNAWAPA KUKU

Sasa tuje kwenye biashara yetu. Unavuna mahindi, unapeleka mashineni, unakoboa. Pumba, yaani ganda pamoja na kiini, ambako ndiko kuna nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini, unaifunga kwenye kiroba unawapelekea kuku na nguruwe. Wewe unabaki na sembe nyeupe pee. Mfugaji anayejua thamani ya pumba kwa mfugo, akikaa mezani anajinyima hiyo hiyo pumba. Hili huwa linanichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

Kwa hiyo nawaambia mle dona? Ndiyo, ila hapa lazima niwe mkweli, maana wengi wanaohubiri dona hawasemi upande wa pili. Sumukuvu nayo hukaa zaidi kwenye ganda na kiini. Mahindi yaliyoanikwa chini kwenye udongo, yakalowa, yakafungwa kwenye magunia yakiwa na unyevu, ukiyasaga dona unakula sumu yote. Kuyapika hakuiondoi. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu wapatao 20 kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na wengine wengi waliugua. Sasa dona ya mahindi mabovu ni hatari kuliko sembe.

Dona nzuri inaanzia shambani kwako. Vuna kwa wakati, anika juu ya turubai au kichanja, chambua punje zilizooza, zilizovunjika na zenye rangi ya kijani au nyeusi. Hakikisha unyevu hauzidi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhi. Huna kipima unyevu? Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo chupa, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, rudisha juani. Na zile punje mbovu ulizochambua usiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa. Kuku watadumaa na kupunguza mayai, na kwa ng'ombe sumu inapita kwenye maziwa inarudi kwako.

Kama huna uhakika na mahindi, nyuzinyuzi zitafute kwingine. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kinakupa kama nusu yake. Ongeza mchicha au matembele, nusu ya parachichi, kipande cha muhogo au kiazi kitamu, umemaliza hesabu. Ni vitu mnavyolima wenyewe! Nawajua vijana wanaolima parachichi za kuuza nje na hawajaila tangu mwaka uanze.

Kuna wanaolalamika maharage yanawajaza gesi. Ni kweli, na sababu ni ile ile ya ng'ombe: umewapa bakteria chakula wasichokizoea, kwa mkupuo. Fanya kama unavyombadilishia ng'ombe, kidogo kidogo. Anza na vijiko vitatu vinne kwa siku, ongeza baada ya siku kadhaa, kunywa maji ya kutosha. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa maji mapya. Wiki mbili tatu hivi tumbo linatulia.

Mtindi na togwa ni vizuri pia. Kuna utafiti wa zamani wa hapa Tanzania ambao watoto wa chini ya miaka mitano walipewa togwa kila siku kwa siku 13, na vimelea vya kuharisha vikapungua tumboni mwao. Ila mtindi hauwezi kuchukua nafasi ya maharage. Mtindi unaleta wageni, maharage yanawalisha wenyeji.

OTC SI YA KWAKO

Narudi kwa lile lililonikosesha hamu ya kula. Antibayotiki haichagui. Ikifika tumboni inaua mbaya na mwema, na ndiyo maana watu wengi huharisha wakizitumia. Bakteria wema huchukua wiki kadhaa kurudi, na aina nyingine hazirudi hata baada ya miezi. Mtu anayemeza metronidazo kila tumbo likinguruma anachoma shamba lake mwenyewe kila mwezi halafu anashangaa halioti kitu. Na wale wachache wanaonusurika ndio wanaojenga usugu, siku akiumwa kweli dawa haifanyi kazi.

Dawa ya kuku ni mbaya zaidi, kwa sababu kipimo chake hakikutengenezwa kwa ajili yako. Usiinywe, basi.

Tena kuna la mteja wako. Ukiwapa kuku antibayotiki, soma kibandiko uone siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai au nyama. Kama imeandikwa siku saba ni saba, hata kama trei zinalia stoo. Najua inauma, mayai ya siku saba ni hela. Lakini ukiyauza unampa mteja, mwanawe na mama mjamzito dozi ndogo ndogo za dawa wasiyoihitaji. Na kuwapa kuku wazima OTC "kwa kinga" au ili wakue haraka, acheni. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Chanjo, banda kavu na maji safi ndiyo kinga.

Ukiona damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, una homa, au choo kimebadilika zaidi ya wiki kadhaa, nenda hospitali ukapimwe. Usiniandikie mimi.

Yule kijana nilimwambia afungue ukurasa mpya kwenye lile daftari la kuku, aandike jina lake juu na anachokula kila siku, kama anavyoandika vya kuku. Alicheka, lakini aliandika. Wiki iliyopita kanitumia picha ya sufuria ya maharage inachemka jikoni pembeni ya banda, na ujumbe mmoja: "Kaka, jana na leo nimepata choo. Ila gesi, usiseme."

Nimemjibu apunguze kidogo, ameanza na kikombe kizima.