SOMO KWA WAFANYAKAZI NA WANANCHI: PROGRAMU-JALIZI ZA TOVUTI NA HATARI YA KUPOKEA MAANDISHI BILA YA KUYAKAGUA

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanafahamishwa kuwa tovuti ya afisi, kama yalivyo majalada ya masjala, ni amana. Ndani yake mna majina ya watu, nambari za simu, nambari za vitambulisho na maombi ya huduma mbalimbali. Somo hili linaeleza mlango mmoja ambao kwao amana hiyo huvuja mara kwa mara duniani, nao ni programu-jalizi.

Tovuti nyingi hazijengwi tangu msingi. Hujengwa juu ya mfumo uliokwisha kutayarishwa, na ulioenea kuliko yote ni WordPress, ulioanza mwaka 2003 na ambao sasa unaendesha takriban tovuti nne katika kila kumi duniani. Mwenye tovuti anapotaka fomu ya maombi, kalenda au sanduku la michango, huchomeka programu ndogo iliyoandikwa na mtu mwengine. Hiyo ndiyo programu-jalizi. Zipo maelfu kwa maelfu. Baadhi zimeandikwa na makampuni yenye mafundi wengi, na nyengine na mtu mmoja tu baada ya saa zake za kazi. Zote, zikishachomekwa, hupewa imani ile ile: huweza kuisoma hifadhidata nzima, na hutenda ndani ya seva kama mwenye nyumba.

Kosa linalozaa madhara mengi ni programu kuyachukua maandishi ya mgeni na kuyageuza kuwa amri. Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mwananchi anajaza fomu inayouliza mtaa wake, naye anaandika Ng'ambo. Programu-jalizi isiyo na uangalifu huliunganisha neno hilo moja kwa moja na amri inayopelekwa kwenye hifadhidata, na amri hiyo huonesha mwanzo na mwisho wa maandishi kwa alama ile ile ndogo iliyomo katika jina la mtaa. Hifadhidata inapofika kwenye alama hiyo hudhani maandishi yamekwishia "Ng", kisha hulisoma "ambo" kama sehemu ya amri, isiifahamu, na ukurasa ukaanguka. Mwananchi huyo hana kosa lolote. Lakini mtu mwenye nia mbaya akiliona anguko hilo hujua mara moja kuwa baada ya alama ile anaweza kuandika amri ya kweli, mathalani ya kutoa majina na nywila za watumiaji wote.

Dawa yake inajulikana tangu zamani, nayo ni amri kutayarishwa kwanza ikiwa na nafasi tupu, kisha maandishi ya mgeni yakapelekwa mbali na amri, ili yasiweze kuwa chochote ila maandishi. WordPress yenyewe inayo njia hiyo. Wapo mafundi ambao badala yake hukataza tu alama hiyo katika fomu. Hiyo si dawa. Ng'ambo bila ya alama yake husomeka kwa sauti nyengine, na hapana sababu ya watu kubadilishiwa majina kwa udhaifu wa mashine.

Namna ya pili ni ya ndani zaidi. Kitanda cha samadari kinapohamishwa hufunguliwa vipande, kikaenda na karatasi inayoeleza kila kipande kinaingia wapi. Lugha ya PHP, ambayo ndiyo iliyotumika kuandikia WordPress, hufanya hivyo kwa vitu vyake vya ndani: huviandika kama mfuatano wa herufi, kisha huviunda upya. Karatasi ikiandikwa na fundi wa nyumba, hapana taabu. Ikiandikwa na mpita njia, mfumo utaunda kitu alichokitaka yeye, na kitu hicho chaweza kufuta mafaili au kuendesha amri. Maelezo rasmi ya PHP yenyewe yanaonya kuwa maandishi yasiyoaminika yasiundwe upya kwa njia hiyo.

Hili lilidhihirika mwezi wa Agosti 2024 katika programu-jalizi ya GiveWP, inayopokea michango ya hisani, ambayo wakati huo ilikuwemo katika tovuti zaidi ya 100,000. Sehemu iliyoleta balaa ni ile ya jina la heshima la mchangiaji, yaani Bwana au Bibi. Matoleo yote hadi 3.14.1 hayakuikagua ipasavyo, hata mtu asiye na nywila akaweza kupitishia humo amri zake. Udhaifu huo, uliosajiliwa kwa nambari CVE-2024-5932, ulipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Toleo 3.14.2 liliuziba.

Kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 2020, programu-jalizi ya WP File Manager, iliyokuwemo katika tovuti zaidi ya 700,000, iligundulika kuwa na faili lililoweza kuendeshwa na yeyote kutoka nje na kupakia chochote atakacho. Toleo 6.9 lilitolewa tarehe 1 Septemba, lakini wavamizi walikuwa wameshaanza kazi. Tukio hilo lina funzo ambalo wengi hulipuuza: kuizima programu-jalizi si kuifuta. Mafaili yake hubakia katika seva na aghalabu huweza kufikiwa moja kwa moja.

Kwa hivyo kila mkuu wa afisi yenye tovuti anapaswa kumjua kwa jina mtumishi anayeiangalia. Mara nyingi tovuti hutengenezwa na fundi wa mkataba, mkataba ukamalizika, na kuanzia siku hiyo hapana anayesasisha chochote. Orodha ya programu-jalizi zilizomo iwekwe katika jalada pamoja na matoleo yake. Isiyotumika ifutwe kabisa. Na nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya seva hiyo hiyo. Fomu nayo isiulize zaidi ya inachohitaji, kwani nambari ya kitambulisho isiyokusanywa haiibiwi.

Mwananchi anayeona ukurasa umeanguka baada ya kuandika jina lake sawasawa, asijaribu maandishi mengine ili kuona litakalotokea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ya idhini, na ni vigumu baadaye kueleza kuwa nia ilikuwa njema. Aandike siku, saa, ukurasa na neno alilolijaza, na aipelekee taarifa hiyo afisi yenye tovuti. Afisi nayo impe stakabadhi ya kupokea taarifa, na fomu hiyo ifungwe hadi fundi atakapoikagua. Wakati huo maombi yaendelee kupokewa kwa karatasi kaunta.