Somo: Yangambi, muji uliozaliwa juu ya mbegu



Wengi kati yetu tunalima ndizi ya Yangambi bila kuuliza jina hilo linatoka wapi. Leo tutajifunza juu ya muji huo: namna ulizaliwa, namna ulianguka, na kitu gani kilibakia. Si hadisi ya zamani tu. Inagusa mbegu tunayopanda mwaka huu.

1. Namna muji ulizaliwa

Yangambi iko kando ya muto Congo, upande wa kaskazini, karibu kilometa 100 ukishuka na maji toka Kisangani. Kabla ya Wabelgiji kufika, Waturumbu walikuwa wakilima ndani ya pori, na Walokele walikuwa wakivua samaki na kuchuuza kwenye muto. Mukulima alikata pori, akalima miaka michache, kisha akaacha udongo upumuzike.

Katika mwaka wa 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, shirika la kuchunguza kilimo, na Yangambi ikawa kituo chake kikubwa kuliko vyote katika Congo. Wakajenga maabara, nyumba za matofali, hospitali na masomo. Wafanyakazi walitoka mbali. Muji muzima uliishi juu ya kazi moja na mushahara mumoja.

Wataalamu walipima pia mashamba ya Waturumbu. Waliyagawa kwa mikanda ya metre 100 kwa upana, toka mashariki kwenda magharibi: mukanda mumoja wa shamba, mwingine wa pori, juu pori lirudishie udongo nguvu. Wazo la kupumuzisha udongo lilikuwa la wakulima wenyewe. Wageni walilipima kwa kamba na kuliandika. Lakini fasi ya kulima na kitu cha kupanda, mukulima hakuchagua tena. Viliamuliwa na wakubwa.

2. Namna muji ulianguka

Kisha uhuru wa 1960, INEAC iliisha, na baadaye INERA ikachukua nafasi yake. Vita vikapita, franga zikakosekana, majumba mengi yakaharibika. Masomo makubwa ya kilimo yakahamia Kisangani. Kwa muji uliozoea kutegemea bwana mumoja, hiyo ilikuwa njaa ya kweli.

Hata hivyo kuna waliobaki. Majani makavu ya mimea, zaidi ya 100 000, yangali yanatunzwa pale mpaka leo, juu kuna wafanyakazi ambao hawakuyaacha.

3. Mbegu mbili, njia mbili

Ya kwanza ni ndizi Yangambi Km 5. Jina lake ni kilometa 5 ya pale Yangambi. Ndizi hiyo ni ndogo na tamu, na inavumilia ugonjwa wa madoa meusi ya majani. Inazaa watoto wengi, na mutoto wa mugomba ni sawa na mama yake. Basi jirani akampa jirani, na ndizi hii ikatembea mpaka inchi zingine. Hata kituo kingefungwa, ndizi ingebaki. (Musisahau: haizuie wilt. Mutoto atoke katika shamba safi, na panga isafishwe.)

Ya pili ni mungazi wa tenera, wenye ganda jembamba na nyama mingi ya mafuta. Katika mwaka wa 1941, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kule Yangambi kwamba tenera anatoka kwa wazazi wawili: dura, wa ganda nene, na pisifera, asiye na ganda. Ndiyo maana ukiokota kokwa chini ya tenera mzuri na kuzipanda, unaweza kujidanganya. Kama tenera amezaa na tenera mwenzake, kwa kila miche mine, kwa kadiri mumoja ni dura, miwili tenera, na mumoja pisifera, ambaye mara nyingi hazai vizuri. Mukulima atajua tu kisha miaka mitatu ao mine ya kupalilia. Miaka hiyo nani atamurudishia?

4. Tukamate nini?

Kuna mbegu tunaweza kuzitunza sisi wenyewe, na kuna zingine zinaomba kituo. Koperative yenye akili inatenganisha hizo mbili. Kwa ndizi na muhogo, iwe na shamba lake safi la kutolea mbegu, lenye mulinzi na daftari. Kwa mungazi, wanamemba wachange franga pamoja, wanunue miche ya tenera fasi inayojulikana, na waulize wazazi wake kabla ya kulipa.

Muji wa Yangambi ulijengwa na wakubwa, na walipoondoka ulianguka. Lakini kilichokuwa katika mikono ya wakulima hakikuanguka.

Maswali ya kuzungumuzia pamoja

- Muji ao kijiji chetu kilianza namna gani? Wazee gani wanaweza kutuelezea, na nani ataandika?
- Mbegu gani tunalima leo bila kujua zilitoka wapi?
- Kama shirika linalotusaidia linaondoka kesho, kitu gani kitabaki katika mikono yetu?