Eliya Alilala Kwanza

SOMO LA WIKI
Maandiko: 1 Wafalme 19:1-18, Marko 6:30-32, 1 Wakorintho 6:19-20
Lengo: Kujifunza kuutunza mwili uliolemewa na msongo wa mawazo, kwa imani na bila woga.



Nikisimama mlangoni baada ya ibada kuwasalimu watu, ombi ninalolisikia kuliko yote ni hili: "Pasta, niombee, niko na mawazo." Kila mtu na yake. Kuna ndugu aliyetegemea kazi ya mgodi hapa Kwale, na Base Titanium ikamaliza kuchimba Desemba 2024. Kuna dada wa hoteli kule Diani ambaye wageni wakipungua, kuanzia Aprili hadi Juni, anaambiwa akae nyumbani bila mshahara. Kuna mama wa Msambweni mwenye karo ya watoto watatu na mgonjwa wa kitandani. Haya si mawazo ya siku moja. Yanakaa miezi, yanakaa miaka, halafu yanaanza kuonekana mwilini: kichwa kinagonga, mabega yamekazana kama mbao, usingizi unakatika saa nane za usiku, presha inapanda.

Wengi wakifika hapo wanajiuliza, "Kwani imani yangu imeenda wapi?" Somo la leo linajibu swali hilo. Neno moja ninalotaka ulibebe kwenda nalo nyumbani ni hili: kuutunza mwili uliochoka si upungufu wa imani. Mungu mwenyewe ndiyo njia aliyoanza nayo kwa Eliya.

1. MUNGU ALIANZA NA MWILI

Someni 1 Wafalme 19 polepole. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka, mvua imenyesha. Halafu Yezebeli anatuma ujumbe wa kumtishia uhai, na yule shujaa wa jana anakimbia jangwani, anaketi chini ya mretemu, anaomba afe. Mtu wa maombi kuliko sisi sote, na bado alifika hapo.

Sasa angalieni Mungu alifanya nini. Hakumkemea. Hakumwambia afunge siku tatu. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa kwenye makaa na chombo cha maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, kwa sababu safari ilikuwa ndefu kuliko nguvu zake. Ndipo akatembea siku 40 hadi Horebu, na huko ndiko Bwana aliposema naye, si katika upepo, si katika tetemeko, si katika moto, bali katika sauti ndogo ya utulivu.

Huo ni mpangilio: usingizi, chakula, mguso, kutembea, utulivu, ndipo mazungumzo. Marko 6 pia inatuonyesha Yesu akiwatenga wanafunzi wake wapumzike, kwa sababu watu walikuwa wengi hadi hawakupata hata nafasi ya kula.

Nasema hili kwa uzito, kwa sababu sisi watu wa Pwani tumeona mwisho wa mafundisho yanayoudharau mwili. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kujinyima chakula hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Kufunga ni kwema, kesha ni njema. Lakini mtu ambaye hajalala wiki nzima kwa mawazo, usimwongezee kesha ya Ijumaa ukidhani unamsaidia. Huenda anachohitaji kwanza ni kile malaika alichompa Eliya.

2. MWILI NAO UNAFULIZA

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuingia katika huduma, kwa hiyo niruhusuni nitumie mfano wa pesa. Fuliza inakusaidia siku ya dharura. Lakini ukifuliza Jumatatu, ukafuliza Jumanne, kila shilingi inayoingia inakatwa kabla hujaigusa. Unafanya kazi na huoni pesa.

Mwili unafanya vivyo hivyo. Ukikutana na hatari, tuseme nyoka njiani, mwili unamwaga homoni ya adrenalini. Moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, sukari inaingia kwenye damu ili upate nguvu za kukimbia. Homoni nyingine, kortisoli, inashikilia hali hiyo iendelee. Huo ni mkopo wa dharura ambao Mungu ameuweka ndani yetu, na ni mzuri. Nyoka akienda, mkopo unalipwa na mwili unatulia.

Profesa Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alikuja hapa kwetu Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, akakaa na nyani wa Masai Mara mwaka baada ya mwaka akiwapima damu. Aliona kwamba nyani hawana shida kubwa ya kutafuta chakula, kwa hiyo muda mwingi wanasumbuana wenyewe. Wale wa chini, wanaoonewa kila siku, ndio mara nyingi waliokuwa na homoni za msongo nyingi zaidi. Mwaka 1994 alitoa kitabu akieleza jinsi punda milia wanavyotofautiana nasi. Punda milia anamkimbia simba, na akiokoka anarudi kula nyasi. Sisi simba wetu ni deni, ni mwenye nyumba, ni ujumbe kwenye simu. Tunalala naye, tunaamka naye. Mwili haujui kwamba ni mawazo tu. Unafuliza kila siku. Riba yake ndiyo hiyo presha, huo mgongo, hilo tumbo, huo usingizi uliokatika.

Kumbe basi ukiambiwa "acha mawazo" na mwili bado umekazana, ni kama kumwambia mtu mwenye deni "acha kudaiwa". Lazima kitu kilipwe. Na mwili unalipwa kwa mwili.

3. "PASTA, HII SI YOGA?"

Swali hili niliulizwa na kijana anayefanya kazi hotelini Diani, ambaye kila asubuhi anawaona wageni ufuoni wametandika mikeka. Ni swali zuri, tusilipuuze.

Yoga ilitoka India, na asili yake imefungamana na dini za huko. Halafu kuna mafunzo ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu yasiyoisha. Aliyachota kutoka kwa tafakari ya Wabudha, akayafundisha hospitalini bila ibada, kwa wiki 8. Kiini chake ni kumfundisha mtu awe hapo alipo: asikie pumzi yake, asikie mwili wake, bila kukimbilia ya jana wala ya kesho.

Jibu langu ni hili. Pumzi si mali ya dini yoyote. Mwanzo 2:7 inatuambia nani aliyeiweka puani mwetu. Ukipumua polepole hujamwabudu mtu. Mstari tunauchora kwenye ibada: hatutaji majina ya miungu mingine, na hatuachi akili ikae tupu, tunaielekeza kwa Bwana. Zaburi 131 inamwonyesha Daudi akiituliza nafsi yake kama mtoto aliyetulia kifuani kwa mamaye. Alifanya kitu kwa makusudi ili atulie. Hata sisi tunaojua kumsifu Mungu kwa ngoma na vigelegele, tujifunze pia kunyamaza mbele zake.

Na si jambo la Wazungu tu. Jirani zetu Uganda, katika kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini karibu 700 walishiriki katika utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani, na matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo walikutana kwa vikundi mara 5, saa 2 kila mara. Walisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa na kupewa kitabu cha picha, wakiongozwa na watu wa kawaida wasio madaktari. Walijifunza kupumua taratibu, kukanyaga ardhi kwa makini, na kurudisha akili pale walipo mawazo yanapowavuta. Miezi 3 baadaye, dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Hawa ni mama waliokimbia vita. Kama iliwafaa wao kambini, vikundi vyetu vya nyumbani Ukunda na Msambweni vinaweza kujifunza kitu.

4. MAZOEZI MATATU YA WIKI HII

Pumzi. Keti kwenye kiti au mkekani, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, tumbo lipande. Itoe polepole ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo dakika 5. Kutoa pumzi kwa urefu kunaiamsha neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo kupitia moyoni hadi tumboni, na moyo unapunguza mbio. Ukivuta, mshukuru Mungu kwa uhai. Ukitoa, mkabidhi jambo moja kwa jina lake. Akili ikitoroka, na itatoroka, irudishe bila kujilaumu.

Kukaza na kulegeza. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani aliandika juu ya njia hii mwaka 1929. Ukiwa kitandani, kunja ngumi kwa nguvu kidogo, hesabu hadi 5, halafu achilia. Sikia tofauti. Nenda kwenye mabega, taya, tumbo, mapaja, hadi nyayo. Palipo na jeraha au maumivu, paruke. Wengi hawajui kwamba wanatembea mchana kutwa wameuma meno.

Kutembea. Si lazima ufuo. Hata njia ya kisimani au ya kwenda stejini. Weka simu mfukoni. Sikia nyayo zinavyokanyaga. Taja moyoni vitu 5 unavyoviona, 3 unavyovisikia, na kwa kila kimoja useme asante Bwana. Upepo wa kusi, mnazi, sauti ya mtoto. Hivyo ndivyo nafsi inavyotia nanga: bahari bado inachafuka, lakini chombo hakiendi na maji.

Tahadhari moja: kama umepitia mambo mazito na ukifumba macho yanakujia, fumbua macho, simama, fanya zoezi la kutembea badala yake, au acha kabisa umtafute mtu wa kuongea naye.

5. PUMZI HAILIPI KARO

Tuseme ukweli. Ukimaliza dakika 5 za kupumua, deni bado lipo. Ila sasa una kichwa cha kulikabili. Eliya naye hakuachwa pale mlimani. Bwana alimpa kazi ya kufanya, akampa Elisha wa kusaidiana naye, akamjulisha kwamba kuna wengine 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Alidhani yuko peke yake, kumbe sivyo.

Kwa hiyo ukishatulia, chukua karatasi, andika nani anakudai, ngapi, lini. Deni lililoandikwa ni dogo kuliko deni linalozunguka kichwani. Kisha mwambie mtu mmoja unayemwamini katika kikundi chako.

Na hospitali pia ni mkono wa Mungu. Maumivu ya kifua, nenda leo hii. Kama hulali wiki mbili mfululizo, presha haishuki, au unatamani kufa kama Eliya, fika zahanati iliyo karibu au hospitali ya rufaa ya Msambweni. Wazo la kufa usilifiche hata usiku mmoja: mwambie mtu akae nawe. Dawa za presha usiziache kwa sababu umeombewa. Daktari akikupima akasema zitoshe, tutashangilia pamoja.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Mungu alimfanyia Eliya mambo gani kabla ya kusema naye Horebu?
2. Mawazo yako yanakaa wapi mwilini: kichwani, mgongoni, tumboni? Waeleze wenzako.
3. Ni nani katika kikundi chetu anayehitaji mkate na usingizi kabla ya mahubiri? Tutamfanyia nini wiki hii?
4. Fanyeni zoezi la pumzi pamoja kwa dakika 5, kisha nyamazeni dakika 1 kabla ya maombi.

OMBI

Baba, wewe uliyeufanya mwili huu unajua ulipochoka. Tunakuletea mabega yetu, usingizi wetu, madeni yetu. Tufundishe kutulia bila hofu, kupumzika bila aibu, na kumpelekea jirani mkate kama malaika wako alivyompelekea Eliya. Kwa jina la Yesu. Amina.