Dirisha na Gharama ya Umeme: Maelezo kwa Wenye Nyumba na Wapangaji wa Pwani

Miongoni mwa gharama zinazomlemea mkaazi wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa katika msimu wa kaskazi, tangu Disemba hata Machi, ni chache zinazopanda kwa kasi kama ile ya umeme wa kiyoyozi. Na aghalabu mwenye nyumba, akiona uniti alizonunua mwanzo wa wiki zimekwisha kabla ya Ijumaa, humshutumu fundi aliyekifunga kiyoyozi, au huituhumu mita, au huazimia kununua mashine iliyo kubwa zaidi, ilhali sababu yenyewe iko mbele ya macho yake, nayo ni dirisha. Kijitabu hiki kimekusudiwa kumweleza msomaji namna joto na unyevu vinavyoingia dirishani, namna ya kulikagua dirisha kabla ya kumwita fundi, na mambo ambayo ni haki yake kumtaka fundi huyo ayatimize.

Jua na unyevu

Jua la adhuhuri, mbingu ikiwa imetakata, humwaga juu ya kila mita moja ya mraba nguvu ipatayo wati 1,000, na kioo cheupe cha kawaida, ambacho ndicho kilichojaa katika nyumba zetu, hupitisha zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo pale jua linapokikabili uso kwa uso. Dirisha la mita mbili za mraba linaloelekea magharibi, lisilo na kivuli chochote, huingiza chumbani wakati wa alasiri joto lililo sawa na la pasi ya umeme iliyosahauliwa ikiwaka. Na joto hilo lote, maadam limekwisha kuingia, hapana budi kiyoyozi kilitoe nje kwa umeme wa mwenye nyumba.

Ni vyema kufahamu kwamba si kila upande wa nyumba una taksiri sawa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana mwezi wa Juni huelekea kaskazini, na mwezi wa Disemba huelekea kusini kidogo, lakini katika nyakati zote mbili huwa juu sana, hata upenu wa kiasi hutosha kuyakinga madirisha ya pande hizo. Ama mashariki na magharibi, mambo ni mengine: jua la asubuhi na la jioni huja chini chini, likapita chini ya upenu na kufika hata kitandani. Madirisha ya pande hizi mbili ndiyo yatakayokaguliwa kwanza, na kivuli chake kiwe nje ya kioo, kikiwa ni kibao cha mbao, au chiki ya mianzi, au mti uliopandwa kwa mpango. Pazia la ndani, hata likiwa zito namna gani, husaidia kidogo tu, kwa sababu joto limekwisha kuvuka kioo kabla ya kulifikia. Wazee waliojenga Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, kwa kuta zao nene za mawe na chokaa na vibao vya madirisha vinavyozuia jua na kuruhusu upepo, waliijua hesabu hii barabara. Sisi tumeyatanua madirisha, tukaviondoa vile vibao, kisha tukashangaa kwa nini vyumba vina joto.

Unyevu wengi hawauhesabu, nao katika mwambao wetu ni nusu ya shughuli. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na kila inapopenya ndani kupitia mwanya wa dirisha, kiyoyozi hulazimika kuugeuza mvuke huo kuwa maji, na maji hayo ndiyo yanayodondoka kutoka kwenye kile kibomba kilicho nje ya ukuta. Kwa kiyoyozi kilicho kizima, kila lita ya maji hayo humgharimu mwenye nyumba umeme unaokaribia robo ya uniti. Mtu akiweka ndoo chini ya kibomba usiku kucha na kuyapima maji alfajiri, atakuwa amepata kipimo kizuri cha hali ya madirisha yake, nacho hakimgharimu hata senti moja. Maji hayatakwisha kabisa, kwani pumzi na jasho la wanaolala chumbani navyo huongeza mvuke. Lakini yakipungua sana baada ya matengenezo, fedha imeokolewa.

Ukaguzi wa mwenye nyumba

Ukaguzi wa awali hauhitaji chombo cha kigeni. Siku yenye upepo, madirisha na milango yote ifungwe, uwashwe udi wa kijiti, nao upitishwe polepole kandokando ya fremu, kuanzia pembe ya chini na kuizunguka yote hata kurejea ulipoanzia. Moshi ukipanda wima, mahali pale pamefungika, na ukiyumba, au ukivutwa kuelekea nje, pana mwanya, napo pawekwe alama ya chaki. Dirisha la mbao linalofunguka kwa bawaba hupimwa pia kwa karatasi: ifungiwe baina ya bawa na mwimo, kisha ivutwe, ikitoka bila upinzani wowote, bawa halishiki, na pengine bawaba zimelegea au mbao imepinda kwa mvua.

Dirisha la alumini la kusukuma, ambalo siku hizi limeenea kila mtaa, lina maradhi yake mahsusi, nayo hudhihirika likitazamwa kwa karibu. Ndani ya reli ya chini hukutwa mchanga, mabawa ya wadudu, na unga mweupe pale ambapo chumvi ya bahari imeanza kuila alumini. Magurudumu yaliyolika hulifanya bawa liinamie upande mmoja, hata likifungwa ubavuni hubaki ufa ulio mpana juu na mwembamba chini. Ile brashi ya manyoya iliyo kati ya mabawa mawili huwa imelala au imenyonyoka, na raba inayokishika kioo huwa imekauka, ikajivuta na kuziacha pembe wazi. Raba ibonyezwe kwa ukucha: iliyo nzima hubonyea na kurejea mahali pake, na iliyokufa hubaki ngumu au hukatika.

Kuhusu dirisha la luva, shauri letu ni moja. Kwa upepo halina mfano, kwa kuwa hufunguka karibu lote. Lakini vioo vyake hulaliana tu bila kubanana, kwa hiyo halikifai chumba cha kiyoyozi, hata likiwa jipya kabisa.

Kazi ya fundi

Fundi wa alumini aliye hodari ataanza kwa kuyatoa mabawa relini na kuyaosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni laini, bighairi ya steliwaya wala dawa kali za kufulia, ambazo huikwangua na kuiharibu ngozi ya alumini. Kisha atabadili magurudumu, brashi na raba, vitu ambavyo kwa pamoja thamani yake ni ndogo sana ikilinganishwa na dirisha jipya, licha ya kiyoyozi kipya. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu skrubu ya chuma cha kawaida ikikutana na alumini katika hewa ya bahari, vyote viwili huharibika. Reli isipakwe mafuta ya kupikia wala grisi, kwani hunasa mchanga, na baada ya muda mfupi bawa huwa zito kuliko awali.

Katika silikoni ndipo penye hila nyingi. Ya zamani sharti ibanduliwe yote, mahali pafutwe na pakauke, ndipo mpya ipakwe. Fundi anayepaka juu ya ile ya zamani anapamba tu. Silikoni inayonuka siki huweza kuidhuru metali, hivyo itakiwe ile isiyo na harufu hiyo. Na kosa lililo kubwa kuliko yote, ambalo hutendwa kwa nia njema, ni kuyaziba matundu madogo yaliyo chini ya fremu upande wa nje: matundu hayo yaliwekwa makusudi ili maji ya mvua yapate njia ya kutoka, na yakizibwa, maji hurudi ndani na kuuozesha ukuta.

Wengi huuliza habari ya tinti. Ile nyeusi ya bei nafuu hupunguza mwanga kuliko inavyopunguza joto, kwa kuwa kioo hulinywa jua, kikapata moto na kuutoa tena chumbani. Ile inayong'aa na kulirudisha jua nje ni bora zaidi. Hata hivyo kivuli cha nje kitangulie.

Kazi ikikamilika, na kabla ya fundi kulipwa fedha iliyobakia, udi uwashwe tena mbele yake na kupitishwa pale pale palipowekwa chaki.

Tahadhari

Jiko la mkaa lisiwashwe kamwe katika chumba kilichozibwa, hata kwa dakika chache, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Na dirisha la jikoni libaki la kupitisha hewa. Madirisha ya ghorofani yasitolewe relini na mtu asiye na ujuzi wala kamba ya usalama. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe wa Unguja asibadili dirisha la asili kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Tena isidhaniwe kuwa dirisha zuri ni lile lililofungwa tu. Msimu wa kusi, takriban tangu Aprili hata Septemba, nyumba nyingi za mwambao zaweza kulala bila kiyoyozi iwapo madirisha yanafunguka sawasawa na nyavu za mbu ni nzima. Na dirisha lililokwama kwa kutu huugharimu mfuko sawa na lile lisilofungika. Ajengaye sasa afahamu pia kwamba dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, ilhali la bawaba hufunguka lote.

Wakati bora wa ukaguzi ni Septemba na Oktoba, kusi inapokwisha na kabla ya mvua za vuli na joto la kaskazi kuwadia, siku ambazo mafundi nao hawajazongwa na kazi. Tunamwomba kila mkaazi aandike uniti zilizotumika katika wiki mbili kabla ya matengenezo na wiki mbili baada yake, aihifadhi karatasi hiyo pamoja na risiti ya fundi, na mpangaji aionyeshe kwa mwenye nyumba wakati wa kuzungumzia ni nani atakayelipia kazi ya madirisha yaliyosalia.