Paka wa depo: namna ya kumuzoesha paka anayeogopa watu

Tukipita kwenye depo za Rumangabo tunaulizwa: kuna paka anazunguka usiku, anakula panya, lakini akiona mutu anakimbia. Tumufukuze ao tumubakize?

Sisi tunasema mumubakize. Baadhi ya paka hawa walikuwa na nyumba. Wenyewe walikimbia vita mwisho wa 2022 wakaelekea Kanyaruchinya na Goma, paka wakabaki. Tangu hapo wanajua mawe kuliko mikono.

Muchague mutu mmoja tu, kwa mufano mama anayelinda depo. Kila magaribi, saa ile ile, aweke bugali kidogo na sambaza mbili tatu, halafu arudi nyuma hatua kumi na kuketi. Asimukazie macho, kwa paka huo ni ugomvi. Maziwa hapana, yanaweza kumuharisha paka mukubwa. Siku zinazofuata apunguze hatua moja moja. Paka akirudi nyuma, na yeye arudi. Inaweza kuchukua wiki, hata miezi. Mukono ungojee mpaka paka mwenyewe aje kujisugua kwenye mguu. (Walezi wa sokwe yatima pale Senkwekwe, hapa hapa kwetu, wako katika kazi ya uvumilivu kama hiyo.)

Wengine wanasema paka akishiba hawindi tena. Si kweli. Anawinda hata akiwa ameshiba, na kile chakula ndicho kinamufanya abaki karibu na mahindi na maharagi yenu.

Lakini musitie sumu ya panya katika depo ile ile. Panya anakula sumu, paka anakula panya, wote wanakufa, na kisha panya wengine wanaingia bila mulinzi.

Musimukamate kwa nguvu wala kumufunga kamba. Kichaa cha mbwa kinapita hata kwa paka, na dalili zikisha kuonekana kwa mutu, karibu hakuna anayepona. Akikuuma ao kukukwaruza, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mukikuta vitoto, kazi ni rahisi zaidi: vikishikwa kwa upole kila siku kati ya wiki ya 2 na ya 7, vinazoea watu. Visiondolewe kwa mama yao mbele ya wiki ya 8.