Pesa ya Bale Si Pesa ya Nyama

Somo letu mara hii ni juu ya kuishi na pesa bila kutetemeka wakati bei zinapanda na hakuna anayejua kesho kutakuwaje. Tunalitoa Majengo, pale Pumwani, Nairobi, ambako tunafanya kazi na vikundi vya akina mama. Nyinyi mlio mashambani msiseme hayo ni mambo ya mji. Mkifika katikati mtajiona.

Majengo ni mtaa mkongwe. Ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati wakoloni walipowapa Waafrika wa Nairobi viwanja mahali pamoja ili wajijengee. Walijenga kwa miti na udongo, nyumba zenye vyumba vya kupangisha. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Hawakuwa na benki wala mshahara. Waliweka senti kwa senti kutokana na biashara za kila namna (nyingine hatutazitaja hapa), mpaka wakaitwa mama mwenye nyumba. Kwa hivyo akina mama wa Majengo hawakungoja sisi na diploma zetu ndipo wajue akiba ni kitu gani.

Sasa twende Gikomba, soko lililo karibu, ambako wengi wao wanauza mitumba. Mama ananunua bale la nguo. Akilifungua, zile nguo nzuri kabisa huitwa kamera, nazo huondoka siku ya kwanza na ya pili. Mwisho hubaki fagia, zile za kumwagwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Tuseme bale limemgharimu shilingi 12,000. Siku mbili za kwanza anauza 7,000. Siku tano zinazofuata, 5,000. Siku tano za mwisho, 4,000. Jumla ni 16,000 kwa siku 12, na faida ni 4,000. Hesabu hiyo kila mtu anaijua. Shida inaanza jioni ya siku ya pili, aproni ikiwa imejaa 7,000. Jioni hiyo mama ni tajiri! Anapitia buchari, analipa deni la duka, anamnunulia mtoto viatu. Anatoa 3,000, na hakuna hata kitu kimoja cha upuzi alichonunua. Lakini tuulizane: katika zile 7,000, faida ilikuwa ngapi? Hata shilingi moja. Bale lenyewe lilikuwa bado halijarudisha bei yake.

Siku zinazobaki anakula kidogo kidogo kama kawaida. Tuseme anatoa 4,000 nyingine. Siku ya 12 anakwenda kununua bale akiwa na 9,000. Amepungukiwa na 3,000, na hapo ndipo simu inapotolewa mfukoni.

Mkulima, umejiona? Mwezi wa kuuza mahindi ndio kamera yako. Pesa ya mbegu na mbolea ya msimu ujao imo ndani ya lile furushi, lakini haina alama.

Dawa tuliyoiona ikifanya kazi ni kuiwekea alama. Katika mfano wetu, kila shilingi 100 ya mauzo, 75 ni za bale na 25 ni za mama. Jioni kabla ya kuondoka kibandani, zile 75 zinaingia kwenye kifuko chake au kwenye akaunti ya kufunga kwa simu, ile isiyofunguka ovyo. Na zile 25 je? Hapa tunawaomba mwende polepole, kwa maana hapa ndipo utulivu ulipo. Mama asile 25 ya kila siku. Siku nzuri ni nyingi mno, na siku ya fagia ni kidogo mno. Ajilipe mshahara ule ule kila siku: tuseme 250, siku ya kamera 250, siku ya fagia 250. Kwa siku 12 ni 3,000. Ile 1,000 inayobaki inalipa gharama za kibanda, na kinachosalia kinakwenda kando. Mama mmoja alituambia, baada ya miezi miwili ya kufanya hivi, kwamba kitu alichokipata kwanza si pesa, ni usingizi.

Kuna bale baya, hilo tunalijua. Unalifungua, unakuta fagia tupu. Ndiyo maana ya kile kilicho kando.

Sasa simu. M-Shwari ilipoanza mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Kwa shilingi 3,000 ni 225. Si nyingi, si ndiyo? Lakini aliyepungukiwa mwezi huu kwa sababu amekula bale atapungukiwa na mwezi ujao. Akikopa hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka amelipa ada ya 2,700 kwa ajili ya zile 3,000. Nayo ni mikopo iliyo nafuu. Wengine hukopa programu moja kulipa nyingine, mpaka hawajui tena wanamlipa nani. Hatusemi simu ni mbaya. Mtoto akiugua usiku wa manane, simu ni rafiki. Tunasema usiitumie kuziba tundu ambalo unalitoboa mwenyewe kila mwezi.

Mjue pia haki zenu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zinamtaka mkopeshaji wa simu awe na leseni, na zinamkataza kumtisha au kumtukana mdaiwa, au kupigia simu watu walio kwenye namba zake ili kumwaibisha. Deni utalilipa, lakini mama mkwe wako hahusiki.

Sasa tuje kwa kikundi, na hapa inabidi tukiri kosa letu. Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba pesa isilale. Kikundi kikusanye, kikopeshe yote siku hiyo hiyo, sanduku libaki tupu. Tuliiona kuwa ni dalili ya kikundi hai. Tarehe 28 Juni 2018, usiku, moto uliwaka Gikomba. Watu 15 walikufa. Vibanda na mali viliteketea. Katika kikundi kimoja tulichokilea, akina mama wanne walibaki na nguo walizovaa. Kikundi kilikuwa na shilingi 86,000 kwenye vitabu. Sandukuni mlikuwa na 640. Zilizobaki zote zilikuwa nje kwa mikopo, na sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa hao hao wanne. Ule mkutano hatutausahau. Kuna aliyelia, kuna aliyedai pesa yake siku hiyo hiyo, kuna aliyetutazama tu bila kusema neno. Kikundi kilikufa kabla ya Desemba. Moto haukukiua. Kiliuawa na sanduku tupu, na fundisho lilikuwa letu.

Tangu hapo tunasema: theluthi moja isikopeshwe. Ilale benki, au kwenye sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, na ilale usingizi mzito. Ni ya msiba, ugonjwa, moto, basi. Orodha hiyo iandikwe siku ambayo hakuna mwenye shida, maana siku ya shida kila jambo ni la dharura.

Je, ilisaidia? Mwezi wa Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ilisimamisha uingizaji wa mitumba, na haikuuruhusu tena mpaka Agosti. Ikaja kafyu. Mwezi wa Mei, Eastleigh, jirani yetu, ikafungwa watu wasiingie wala kutoka. Kikundi kimoja cha akina mama 15 kilikuwa na hiyo theluthi. Kilimpa kila mmoja shilingi 500 kwa wiki, kwa wiki sita. Jumla 45,000. Ni unga na sukuma tu. Lakini hakuna aliyeuza cherehani wala kitanda, na soko lilipofunguka wote 15 walikuwapo.

Liko jambo la Majengo ambalo vikundi vingine mwaweza kulihitaji. Wanachama wetu wengi ni Waislamu, na riba kwao ni haramu. Na ukweli usemwe: baadhi ya vikundi vyetu hutoza asilimia 10 kwa mwezi, kuliko hata ile ya simu tuliyoitaja. Tofauti ni kwamba faida inarudi kwa wanachama, lakini yule anayelipa jioni ya leo haoni tofauti hiyo. Kikundi kimoja kiliamua: mfuko wa dharura hauna nyongeza yoyote, na kwa biashara wananunua mabale pamoja na kugawana faida au hasara. Sisi tulidhani watashindwa. Hawajashindwa. Hata wanachama Wakristo sasa wanapenda mpango huo, maana hasara ikitokea hakuna anayeachwa nayo peke yake.

Neno moja juu ya habari za kutisha. Mwaka 2022 paketi ya unga ya kilo mbili ilipita shilingi 200, na katika hofu kama hiyo hutokea watu wanaoahidi kuzalisha pesa upesi. Wazee wenu wanakumbuka ile michezo ya upatu iliyoanguka mwaka 2007. Watu karibu 150,000 walipoteza zaidi ya shilingi bilioni 8, na wengine waliingizwa humo na watu waliokaa nao kanisani. Mtu akikuletea mpango, mjibu, "Nitauliza kikundi Jumapili." Kama hauwezi kungoja mpaka Jumapili, umeshajua ni mpango gani.

Ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila mwanachama aandike kwa siku saba alichouza na alichotoa, hata ile shilingi kumi ya mandazi. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto. Kisha mjadiliane:

Katika kazi yako, kamera ni wakati gani na fagia ni wakati gani?

Leo hii, sanduku la kikundi lina pesa ngapi ambazo hazijakopeshwa? Mweka hazina asitaje kwa kukisia, afungue mhesabu pamoja.

Kama nyumba za wanachama wawili zingeungua usiku huu, kesho asubuhi mngefanya nini, na nani angekwenda kuchukua funguo?